TREKTA KUUKUU LIKAGULIWE KABLA YA KULIPIWA

Msimu wa mvua katika mkoa wetu wa Dodoma hauna subira. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au katika mwezi wa Desemba, hukatika Aprili, na katikati yake mara nyingi hupita majuma ya jua kali. Mkulima aliyechelewa kulima kwa majuma mawili huwa amekwisha kupoteza sehemu ya mavuno yake kabla mbegu haijagusa ardhi. Ndiyo maana kila kiangazi, mahindi na alizeti vikishauzwa na fedha ikiwa mkononi, vikundi vya wakulima, vyama vya ushirika na watu binafsi hufunga safari kwenda Morogoro, Arusha au Dar es Salaam kutafuta trekta. Wachache ndio wenye uwezo wa kununua jipya. Walio wengi hununua lililokwisha kutumika, ama hapa nchini ama Ulaya.

Sisi hatuna ugomvi na trekta kuukuu. Massey Ferguson 135, mtindo uliotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1964, bado hulima katika mashamba ya nchi hii, na mafundi wetu wanaifungua na kuifunga kama mtu anayefunga kamba za viatu vyake. Mashine ya namna hiyo haina mambo mengi ya umeme, na fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza chini ya mti. Ugomvi wetu ni na desturi iliyoenea ya kulipa kwanza na kukagua baadaye. Desturi hiyo imewatia umaskini watu waliokuwa wakijitahidi kutoka katika umaskini, na tunadhani wakati umefika wa kuikomesha.

Tunakifahamu kikundi kimoja cha wakulima ambacho hatutakitaja jina, kwa kuwa aibu iliyowapata inawatosha. Walichanga fedha kwa misimu mitatu. Wakawatuma mjini wajumbe watatu, yaani mwenyekiti, mweka hazina na kijana mmoja aliyejua kuendesha gari dogo. Fundi hakuwamo, kwa sababu ilionekana kuwa posho yake ni gharama isiyo ya lazima. Wajumbe walionyeshwa trekta lenye rangi nyekundu inayong'aa na kiti kipya. Likawashwa mbele yao, likanguruma mara moja, wakapeana mikono na muuzaji, fedha ikatolewa. Katika juma la pili la kulima maji yalionekana ndani ya oili. Injini ilipofunguliwa, silinda zilikuwa zimekwisha na kifuniko chake kina ufa. Trekta likakaa kivulini hadi Februari. Baadhi ya wanachama wakakodi la jirani kwa bei ya wakati wa shida, wengine wakarudi kwenye jembe la mkono.

Lakini hasara kubwa zaidi ilitokea kwenye mkutano. Wanachama walianza kumshuku mweka hazina kuwa amekula njama na muuzaji. Stakabadhi zake zilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, wala hakuna aliyeweza kumwonyesha kosa. Hata hivyo imani haikurudi, na kikundi kikasambaratika. Hivyo trekta bovu halikuua msimu mmoja tu wa kulima, liliua pia umoja wa watu ambao walikuwa wamejifunza kwa taabu kuweka fedha yao pamoja.

Mkoa huu una sababu ya pekee ya kutosahau somo hili, maana lilipata kufundishwa hapa kwetu, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mashuhuri wa karanga, na makao yake ya kwanza yakawa Kongwa. Zilikusudiwa kulimwa ekari zaidi ya milioni tatu katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, nyingi zikiwa katika Tanganyika. Kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na viwanda havikuwa na matrekta mapya ya kutosha, wakubwa wa mpango walinunua mitambo mikuukuu iliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Mingi ilifika ikiwa mibovu, na karakana ya kuitengeneza pamoja na spea vilikuwa haba. Kabla mwaka huo haujakwisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamesimama. Udongo wa Kongwa nao, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali na una mchanga unaokwaruza chuma, ulimaliza majembe upesi. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizofyekwa hazikufika 10,000. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 35.

Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi, na mvua ilikuwa mojawapo. Lakini Serikali yenye wahandisi na hazina kubwa, iliyonunua chuma kikuukuu kwa haraka bila ya kujua hali yake, ilianguka. Basi kikundi cha watu thelathini wa Mpwapwa au Chemba chenye fedha za msimu mmoja kitasimama kwa miujiza gani? Uingereza iliweza kuibeba hasara ile. Wakulima wetu hawawezi.

Kwa hiyo tungependa kueleza, kwa faida ya wasomaji wetu wanaojiandaa kwa safari hiyo, mambo ambayo mafundi wazoefu huyatazama. Hayahitaji vyombo vya ajabu. Yanahitaji muda, macho, na mtu anayejua kazi, naye awe mtu wa mnunuzi na si wa muuzaji.

Jambo la kwanza ni kufika mapema asubuhi na kuigusa injini kwa mkono kabla haijawashwa. Injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikiwa ya moto, na wauzaji wajanja hulijua hilo. Ikiwa mnunuzi ataikuta ina joto, aombe kungoja mpaka ipoe, au arudi kesho yake. Muuzaji mwema hatakasirika. Ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta uone kama maji yana utando wa mafuta. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si ajabu katika injini ya dizeli, bali oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni habari mbaya, maana maji yameingia. Tazama vivyo hivyo oili ya gia boksi na ya haidroliki, kwa kuwa trekta lililolala nje misimu mingi hunywa maji ya mvua kupitia mpira wa mkono wa gia.

Baada ya hapo liwashwe, na moshi utazamwe. Moshi mweusi mwingi wakati injini inafanya kazi huonyesha kuwa dizeli ni nyingi kuliko hewa, na dawa yake inaweza kuwa ndogo kama kusafisha kichujio cha hewa, au kubwa kama kutengeneza noseli na pampu ya dizeli. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na mara nyingi ni ringi na silinda zilizokwisha. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto huashiria dizeli isiyoungua vizuri, au maji yanayopenya kwenye silinda. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inazunguka. Hewa ikitoka kwa nguvu kama moshi wa tanuri, ringi zimechoka. Kisha tazama kipimo cha nguvu ya oili injini ikishapata moto. Sindano ikianguka karibu na sifuri wakati injini inazunguka polepole, kuna uchakavu ndani ambao rangi mpya haiwezi kuuficha.

Klachi nayo isisahauliwe. Katika matrekta mengi, kuibadilisha ni lazima trekta litenganishwe katikati, injini upande huu na gia boksi upande ule, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa na ya fedha nyingi kuliko bei ya klachi yenyewe. Liendeshwe katika kila gia, mbele na nyuma, tena juu ya kilima, maana gia inayoruka yenyewe mara nyingi hujificha kwenye uwanja wa tambarare. Gia ya namna hiyo humaanisha meno yaliyoliwa ndani ya boksi.

Haidroliki ipimwe kwa mzigo, wala si kwa kuinua mikono mitupu. Ifungwe plau, iinuliwe juu, kisha injini izimwe. Plau likishuka papo hapo, kuna mahali panapovuja. Mikono ikitetemeka na kudundadunda inapobeba mzigo, pampu au vali zake zinadai matengenezo. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine za kupukuchua itazamwe meno yake, na kama kinga yake imeondolewa ihesabiwe kuwa ni pungufu la kulipiwa, kwa kuwa shafti isiyo na kinga hunasa nguo na kuua watu.

Magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na kutikiswa kwa mikono miwili, juu na chini, ili kujua hali ya kingipini na bushi. Usukani ukizunguka sana kabla magurudumu hayajageuka, hiyo nayo iandikwe. Matairi makubwa ya nyuma yahesabiwe kama trekta jingine dogo, kwa jinsi yalivyo ghali. Tairi lenye meno marefu lakini lenye nyufa ubavuni limezeeka kwa jua, na halitafika mbali. Breki zijaribiwe kila upande peke yake na zote pamoja, kwa sababu trekta hilo hilo ndilo litakalovuta tela la magunia kwenda soko la Kibaigwa, likipita katika barabara kuu penye malori na mabasi.

Kipimo cha saa za kazi kisiaminiwe peke yake. Hubadilishwa, na vingine vimekufa miaka mingi iliyopita. Mashine huandika umri wake mahali pengine: kwenye kanyagio zilizolika hadi chuma kung'aa, kwenye tundu za kufungia tela zilizopanuka zikawa kama yai, na kwenye vichwa vya mikono ya kunyanyulia vinavyocheza. Pale penye rangi mbichi kuliko kwingine, hasa kwenye maungio ya injini na gia boksi na kwenye kiti cha ekseli ya mbele, pakwaruzwe kidogo. Huenda chini yake pana ufa uliochomelewa.

Na mwisho wa yote, liombwe kulima. Nusu saa ndani ya udongo mgumu na plau la sahani tatu hueleza ukweli kuliko maneno ya siku nzima ya dalali. Hapo ndipo injini dhaifu huchemka, klachi huteleza, na gia mbovu hujitangaza.

Sasa, kasoro zikishaonekana hazina maana kwamba trekta likataliwe. Hakuna trekta kuukuu lisilo na kasoro. Maana yake ni kwamba bei halisi bado haijajulikana. Bei ya trekta kuukuu si ile anayoitaja muuzaji. Ni ile anayoitaja muuzaji pamoja na fedha itakayohitajika mpaka liingie shambani likiwa zima. Tutoe mfano wa hesabu tu. Trekta moja linauzwa shilingi milioni 22, lakini linadai matengenezo ya milioni 9. La pili linauzwa milioni 28, nalo linadai milioni moja na nusu. Mwenye kutazama bei iliyobandikwa atalikimbilia la kwanza na kujisifu kuwa ameokoa milioni 6. Mwenye hesabu ataona kwamba la kwanza lina bei ya milioni 31, na la pili milioni 29 na nusu, tena la pili litalima siku ya kwanza ya mvua.

Tunashauri basi fundi aandike taarifa yake katika mafungu matatu. La kwanza liwe la mambo yanayopaswa kutengenezwa kabla ya kulima hata tuta moja. La pili liwe la yale yanayoweza kungoja mpaka mavuno. La tatu liwe la yale yanayotosha kumfanya mnunuzi aage na kuondoka: bloku iliyopasuka, gia boksi inayoruka, namba za chasi au injini zilizofutwa, au mtindo ambao spea zake hazipatikani. Nchi yetu imepata kutumia matrekta ya aina nyingi. Kibaha yaliunganishwa Valmet ya Finland katika miaka ya 1980 na Ursus ya Poland katika miaka ya 2010, na mengine yameletwa kutoka India na Uchina. Swali la kumwuliza muuzaji si trekta hili lilikuwa zuri kiasi gani lilipotoka kiwandani, bali spea zake zinauzwa duka gani leo, na kwa bei gani.

Matengenezo yafanywe na fundi wa mnunuzi, au yafanywe mbele yake. Muuzaji akiahidi kurekebisha kasoro, ahadi iandikwe, na sehemu ya fedha ibaki mpaka trekta limalize siku za majaribio zilizokubaliwa. Hata likionekana zima, oili zote na vichujio vyote vibadilishwe kabla ya msimu, na kichujio cha hewa kiangaliwe kila siku ya kazi. Vumbi la Bahi na Kongwa huingia katika injini isiyo na ulinzi na kuila kama msasa. Aidha, hati zitazamwe kwa makini kama injini ilivyotazamwa: kadi ya usajili, nyaraka za forodha kwa lililotoka nje, namba zinazolingana, na uthibitisho kwamba mali hiyo haijawekwa rehani benki.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mazito kwa mkulima wa kawaida, kwamba fundi hudai posho, na kwamba muuzaji hatangoji kwa kuwa wanunuzi wengine wako mlangoni. Sisi tunawajibu kwa hesabu. Trekta zima lenye plau la sahani tatu huweza kulima ekari moja kwa muda wa saa moja hivi, kutegemea udongo. Likisimama siku kumi na mbili katika Desemba, kwa saa nane za kazi kila siku, ekari zipatazo 90 hubaki bila kulimwa. Posho ya fundi kwa siku mbili ni nini mbele ya ekari 90? Na yule muuzaji anayemharakisha mnunuzi kwa kumwambia kuna mwingine anakuja, aachwe auze kwa huyo mwingine. Haraka haraka haina baraka, na katika biashara ya chuma kikuukuu methali hiyo ina bei yake.

Lakini haitakuwa haki kuwatupia wakulima mzigo wote. Shirika la Ukaguzi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, hukagua vitabu vya hesabu vya vyama hivyo, na ni jambo jema. Je, nani hukagua trekta ambalo vitabu hivyo vinasema limenunuliwa? Halmashauri zetu zina wataalamu wa kilimo na zana. Arusha kuna CAMARTEC, kituo kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini. Vyuo vya VETA vinafundisha vijana ufundi wa magari na mitambo. Ujuzi basi upo nchini. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuufikisha kwa mkulima siku ile anayouhitaji, nayo ni siku moja tu, kabla fedha haijatoka mkononi.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila halmashauri ya mkoa huu iwe na orodha ya mafundi waliopimwa na kuaminiwa, ambao kikundi chochote kinaweza kuwachukua kwa malipo yanayojulikana. Pili, kila chama cha ushirika na kila kikundi kiweke katika kanuni zake kwamba hakuna fedha ya mashine itakayotolewa benki bila ya taarifa ya fundi iliyosomwa mbele ya wanachama na kuingizwa katika kumbukumbu za mkutano. Kanuni hiyo ya pili haihitaji kibali cha mtu wala bajeti ya Serikali. Inaweza kupitishwa katika mkutano ujao, nayo itamlinda mweka hazina mwaminifu kuliko kiapo chochote.

Wauzaji nao wasidhani kwamba tunawapiga vita. Wako wengi waaminifu, na hao ndio wanaoumizwa zaidi na desturi ya sasa, kwa maana trekta lao zima husimama uwanjani karibu na bovu lililopakwa rangi, na mnunuzi asiyekagua hulichukua lile la bei ndogo. Ukaguzi ukiwa desturi, mwenye mali njema atapata bei yake.

Mvua haziko mbali. Wale wanaojiandaa kusafiri juma hili na majuma yajayo tunawatakia safari njema, na tunawaomba jambo moja: katika gari lile litakalowapeleka mjini, kiti kimoja kiwe cha fundi. Kama hakuna nafasi, basi mjumbe mmoja abaki nyumbani.